Sura ya Sita: Deni la Kemia

Asubuhi, katika wodi za Hospitali ya Rufaa ya Mbale, kitanda kimoja huweza kuzungukwa na wanafunzi wa aina mbili. Wapo wa Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanza kufundisha udaktari hapo hospitalini mwaka 2013. Wapo pia wa chuo cha maafisa tabibu cha mji huohuo. Wote wamevaa koti jeupe, wote wana daftari dogo mfukoni, wote wanasikiliza kifua kilekile cha mtoto mwenye nimonia. Mama wa mtoto hawezi kuwatofautisha. Wa Busitema watatoka na digrii baada ya miaka mitano, wale wengine na diploma baada ya miaka mitatu.

Ukikaa nao chini ya mti wakati wa chakula cha mchana na kuwauliza njia zao ziliachana wapi, jibu ni fupi kuliko unavyotazamia. Ziliachana kwenye karatasi ya matokeo ya S.6, darasa la mwisho la sekondari, kwa herufi moja au mbili. Mmoja alipata B pale mwenzake alipopata E. Na katika miaka yangu ya kufundisha, nimeona kwamba herufi hiyo, mara nyingi kuliko nyingine yoyote, ni ya kemia.

Sura hii nimeiandika kwa ajili ya aliyepungukiwa na herufi hiyo, na kwa ajili ya mzazi aliyeketi pembeni yake akidhani kila kitu kimekwisha. Nataka kuonyesha kwamba sharti la sayansi la kuingia chuo kikuu ni deni, na deni hulipwa. Lakini hulipwa kwa hesabu. Anayeanza kulipa bila kujua anadaiwa na nani na anadaiwa kiasi gani, hulipa mara mbili.

Kahawa ya miaka miwili

Mzee mmoja, mkulima wa kahawa kutoka Bududa, alinijia nyumbani na binti yake wiki moja baada ya matokeo kutoka. Msichana alikuwa ameikunja karatasi yake mara nne, akaishika kama mtu anayeficha jeraha.

"Mulembe, Mwalimu," alisema mzee, na hakukaa mpaka nilipomsogezea kiti. "Mtoto ameanguka. Nimemsomesha kwa kahawa ya miaka miwili. Niambie tu ukweli kama nimeitupa Mto Manafwa."

Nikaifungua karatasi. Biolojia C, kemia E, fizikia O, karatasi ya jumla amepita, kompyuta amepita.

"Mzee, binti yako hajaanguka. Ana prinsipali mbili."

"Kama hajaanguka, mbona jina lake halimo kwenye orodha ya udaktari?"

Swali lake ni sahihi kabisa, na ni swali ambalo familia nyingi za Uganda Mashariki hulibeba bila kupata wa kulijibu. Jibu lake ni kwamba kustahiki ni jambo moja, na kushindana ni jambo jingine.

Kustahiki kuingia chuo kikuu cha Uganda kwa njia ya moja kwa moja kunahitaji mambo mawili: cheti cha UCE cha S.4 chenye masomo yasiyopungua matano ya kufaulu, na cheti cha UACE cha S.6 chenye prinsipali zisizopungua mbili zilizopatikana katika kikao kimoja cha mtihani. Prinsipali ni somo kuu lililopitwa kwa A, B, C, D au E. Chini ya hapo kuna O, ambayo ni sabsidiari, kisha F. Binti wa Bududa alikuwa na C na E. Kwa kipimo hicho, mlango ulikuwa wazi.

Kushindana ndiko kulikomzuia. Kila herufi ina thamani: A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, O ni 1. Kisha chuo huzidisha. Somo la lazima kwa kozi huzidishwa mara 3, somo linalohusiana nayo mara 2, na karatasi ndogo kama ya jumla au kompyuta huhesabiwa mara 1. Kwa udaktari, biolojia na kemia ndizo za lazima. Fizikia au hisabati, ile uliyofanya vizuri zaidi, ndiyo inayohusiana.

Tukapiga hesabu pamoja, mezani, mzee akitazama kalamu. Biolojia 4 mara 3 ni 12. Kemia 2 mara 3 ni 6. Fizikia 1 mara 2 ni 2. Karatasi mbili ndogo, 2. Jumla 22. Tukaongeza alama 1.5 ambazo wasichana huongezewa tangu 1990, tukafika 23.5. Cheti chake cha S.4 kilikuwa cha mfumo wa zamani, ambamo kila daraja la juu kabisa huleta 0.3, la kati 0.2 na la chini 0.1; alikuwa na matatu ya juu na sita ya kati, yaani 2.1. Mwisho wa yote, 25.6. Aliyepata A tatu katika mchepuo huohuo, na karatasi ndogo mbili, hufika 50 kwa masomo ya S.6 peke yake.

Sasa tazama palipomuumiza. Kama kemia yake ingekuwa B, angeongeza alama 9 kwa mpigo mmoja. Hakuna somo jingine kwenye karatasi yake ambalo lingempa kiasi hicho kwa hatua hizo tatu; hata biolojia, iliyokuwa C, ilibakiwa na hatua mbili tu. Deni lake lilikuwa na jina.

Na washindani ni wengi. Serikali hufadhili wanafunzi wapatao 4,000 kwa mwaka katika vyuo vikuu vya umma, sehemu kubwa yao katika sayansi, na baadhi ya nafasi hugawanywa kwa wilaya ili watoto wa mbali na Kampala nao wapate. Nchi nzima inagombea nafasi hizo. Mtoto wa Bududa anagombea na mtoto wa shule ambayo kila mwanafunzi ana meza yake katika maabara.

Maabara yenye magunia

Naijua kemia ya E na ya O kwa sababu ya pili ni yangu mwenyewe. Shule niliyosomea S.5 na S.6, ambayo sitaitaja, ilikuwa na chumba kilichoandikwa Maabara juu ya mlango. Ndani mlikuwa na magunia ya posho na maharage ya wanafunzi wa bweni. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema. Alichora bureti ubaoni, akachora pipeti, akachora chupa yenye umbo la koni, akatueleza kwa maneno jinsi rangi inavyobadilika. Tulikariri rangi kama watu wanaokariri majina ya miji ambayo hawatafika.

Siku ya kwanza ya kushika bureti ya kweli ilikuwa asubuhi ya mtihani wa vitendo. Mkono ulitetemeka. Nilifungua koki zaidi ya inavyotakiwa, na kimiminika kilichopaswa kuwa na rangi hafifu ya waridi kikawa chekundu kama kitenge cha sikukuu. Nilitazama pembeni kuona wengine wanafanya nini. Wengine walikuwa wananitazama mimi.

Nasimulia haya ili tusiliite deni la kemia uvivu wa mtoto. Mwaka 2005 serikali ya Uganda ilitangaza kwamba biolojia, kemia, fizikia na hisabati zitakuwa za lazima kwa kila mwanafunzi wa S.1 hadi S.4. Mwaka huohuo ukaanza mpango wa SESEMAT, kwa msaada wa Japani kupitia shirika la JICA, wa kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati waliokuwa tayari kazini. Lilikuwa jambo jema. Lakini amri hufika shuleni kwa siku moja; maabara hufika kwa miaka. Somo likawa la lazima mahali ambapo tindikali, mizani na hata maji ya bomba havikuwepo. Mtoto aliyesomea hapo akafanya mtihani uleule, siku ileile, kwa dakika zilezile.

Kwa hiyo tunapozungumzia njia nyingine za kutimiza sharti la sayansi, hatuombi sharti lishushwe. Mgonjwa wa Mbale anastahili daktari anayejua kemia. Tunaomba mahali pa kuijifunza kwa yule ambaye hakupewa nafasi hiyo mara ya kwanza.

Kuhesabu kutoka mlangoni

Kosa ninaloliona kila mwaka ni hili. Kijana amekosa nafasi, familia inaona aibu, na kabla ya mwezi kwisha ameandikishwa kozi yoyote iliyo karibu ili asikae bure nyumbani. Miaka miwili baadaye ana diploma mkononi, anakwenda chuo kikuu, anaambiwa haihusiani na digrii anayoitaka. Amelipa deni, lakini kwa mtu asiyemdai.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, ila mhunzi lazima ajue koleo jipya ni la kushika chuma gani. Njia salama ni kuanza mwisho. Chagua digrii kwanza. Kisha nenda, au tuma mtu, kwenye ofisi ya usajili ya chuo kikuu, ukaulize mambo matatu: diploma zipi zinahesabiwa kuwa zinahusiana na digrii hii; zinatakiwa kwa daraja gani; na ni masomo gani ya S.4 na S.6 ambayo bado yatadaiwa hata ukiwa na diploma. Majibu yaandike, pamoja na tarehe. Baada ya hapo ndipo uhesabu hatua kurudi nyuma mpaka ulipo leo.

Katika afya, ngazi iko wazi kuliko kwingine. Diploma ya utabibu ya miaka mitatu huelekea udaktari. Diploma ya uuguzi huelekea digrii ya uuguzi, diploma ya maabara huelekea digrii ya maabara, diploma ya famasia huelekea digrii ya famasia. Zinafanana kwa mbali, lakini haziazimani njia: mwenye diploma ya maabara anayeota udaktari atakuta ngazi yake inaishia ghorofa nyingine. Hata aliyeishia S.4 hajafungiwa. Cheti cha uuguzi hupokea mwenye UCE iliyo na Kiingereza, hisabati, biolojia, kemia na fizikia. Husomwa kwa miaka miwili na nusu, kisha mwuguzi huyo huweza kurudi kwa mwaka mmoja na nusu akapate diploma. Jinja ina chuo cha uuguzi na ukunga cha serikali, na si mbali na hapo iko hospitali ya rufaa ya mji huo, ambamo somo la asubuhi huwa kazi ya mchana.

Katika uhandisi, kijana wa Mbale ana Chuo cha Ufundi cha Uganda, Elgon. Huko mwenye prinsipali moja ya hisabati au fizikia, na sabsidiari katika ile nyingine, huweza kusoma diploma ya miaka miwili ya ujenzi, umeme au mitambo. Kutoka hapo anaweza kuomba digrii Chuo Kikuu cha Kyambogo, au Busitema yenyewe, ambako kuna uhandisi wa maji, wa nguo, wa madini na wa kilimo. Kijana wa Jinja, mji uliokua na viwanda tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, anaweza kufanya kazi ya umeme kiwandani kati ya diploma na digrii, na kurudi darasani akiwa anajua mota inavyonuka inapotaka kuungua.

Diploma haipokewi kwa kuwa diploma tu. Vyuo vikuu hutaka iwe ya daraja la pili au zaidi, na nafasi za wenye diploma ni chache. Anayekwenda chuoni akiwaza, "nipite tu," amejifungia mlango kabla ya kuufikia. Ile diploma ya utabibu inasomwa kana kwamba ni S.6 ya pili, tangu wiki ya kwanza.

Zipo njia nyingine tatu, na kila moja ina mtu wake.

Kurudia S.6 ni kwa yule ambaye deni lake ni dogo na sababu yake inajulikana. Kumbuka tu kwamba prinsipali mbili hutakiwa katika kikao kimoja. Huwezi kuazima biolojia ya mwaka huu ukaiunganisha na kemia ya mwaka ujao. Na kama unarudia kama mtahiniwa wa binafsi, tafuta kituo chenye maabara inayofanya kazi, ukafanye mazoezi ya vitendo miezi mingi kabla. Kurudia bila maabara ni kurudia kosa.

Cheti cha kufikia elimu ya juu ni cha mwaka mmoja, kwa aliyepata prinsipali moja na sabsidiari mbili. Kina upande wa sayansi za maumbile, upande wa sayansi za viumbe na upande wa sanaa. Ni njia fupi, na kwa sababu ni fupi inahitaji uangalifu zaidi. Kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, uliza chuo kikuu unachokilenga, na pia baraza la taaluma yenyewe, kama wanakipokea kwa kozi hiyo hasa. Omba jibu la maandishi.

Mtihani wa watu wazima ni wa aliyetimiza miaka 25. Hupima akili ya jumla na ujuzi wa fani. Mwanamke aliyeacha shule kulea, au fundi aliyefanya kazi miaka kumi, asidharau mlango huu.

Kuhusu pesa, Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, hukopesha wanafunzi wa sayansi, si wa digrii peke yao bali pia wa diploma. Mkopo hulipa karo ya masomo; chakula na chumba cha kupanga hubaki kwa familia. Ndiyo maana chuo kilicho Mbale au Jinja, ambako kuna shangazi au binamu wa kukupokea, kina thamani ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha matangazo.

Na tahadhari ya mwisho, inayonikera kuliko zote: hakikisha chuo kinatambuliwa. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, lina orodha ya vyuo vikuu na kozi zilizoidhinishwa. Wauguzi wana baraza lao, na maafisa tabibu na watu wa maabara wana lao. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2025 imeunganisha pia bodi za mitihani ya wauguzi na ya wataalamu wengine wa afya kuwa chombo kimoja, kwa hiyo ushauri wa kaka yako aliyesoma zamani unaweza kuwa na majina yaliyopitwa na wakati. Jengo lenye bango kubwa si uthibitisho. Uthibitisho ni jina lake kwenye orodha.

Tofali moja, nyumba nzima

Nikimaliza kuwaeleza wazazi haya yote, huwa nabaki na swali moja linalonisumbua. Binti wa Bududa alikuwa amepungukiwa na kemia. Kwa nini alipe deni la somo moja kwa miaka mitatu?

Marekani walijiuliza swali la namna hiyo mapema. Mwaka 1901, huko Joliet katika jimbo la Illinois, kilianzishwa chuo kidogo cha umma ambacho kijana angeweza kusomea miaka ya mwanzo ya chuo kikuu akiwa bado analala kwao. Vyuo vya aina hiyo, vyuo vya jamii, vikaenea nchi nzima. Mwaka 1960 jimbo la California likavipangia nafasi rasmi katika mpango wake mkuu wa elimu: mtu anaanzia chuo cha jamii, kisha anahamia chuo kikuu na masomo yake mkononi. Karani wa duka aliyekosa kemia anaweza kuisoma jioni, kemia peke yake, pamoja na maabara yake, akaipeleka chuo kikuu ikahesabiwa.

Huko mtu hubeba tofali moja moja. Kwetu hubeba nyumba nzima. Masharti yetu ya kuingia yanatambua vyeti kamili: UACE, diploma, cheti cha mwaka mmoja, mtihani wa watu wazima. Nyumba ikikosa tofali moja, unaambiwa ukajenge nyingine.

Majirani nao wamelitafutia jambo hili dawa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina programu ya msingi kwa waliopungukiwa na alama za kidato cha sita. Anayeimaliza kwa wastani wa 3.0 anaweza kuomba digrii. Husomwa kwa masafa, mtu akiwa kwao na kazini kwake. Afrika Mashariki kwa jumla imepiga hatua pia: Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lilitoa mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu mwaka 2015, na mwaka 2017 marais wa jumuiya wakatangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Tumejenga daraja kutoka Kampala hadi Dar es Salaam na Nairobi. Sasa tujenge la kutoka darasa la jioni la Mbale hadi chuo kikuu kilicho kilomita chache kutoka hapo.

Vifaa tunavyo zaidi ya tunavyodhani. Mbale ina shule kongwe za sekondari, ina vyuo vya afya, ina chuo cha ufundi, ina Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988, na ina kitivo cha udaktari. Maabara nyingi kati ya hizo hufungwa Ijumaa jioni na kufunguliwa Jumatatu. Kozi moja ya kemia, ya mwaka mmoja, ya Jumamosi, yenye mtihani unaosimamiwa kitaifa na matokeo ambayo chuo kikuu kinalazimika kuyahesabu, isingehitaji jengo jipya. Ingehitaji kanuni mpya, na watu wa kuitaka.

Hata Makerere ilipanda

Watakaosema kwamba njia ya diploma ni ya walioshindwa, niwakumbushe historia ya vyuo vyenyewe.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Haikutoa digrii. Ilipoanza kuelekea huko, mwaka 1949, ilikuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London, na digrii zilikuwa za London. Mwaka 1963 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Ilisimama kama chuo kikuu kwa jina lake mwaka 1970, miaka 48 baada ya wale vijana 14 kushika randa na msumeno.

Busitema, ambayo leo inawapokea madaktari wanafunzi wa Mbale, ilianzishwa mwaka 2007 kwenye viwanja vya chuo cha taifa cha zana za kilimo. Kampasi yake ya Nagongera ilikuwa chuo cha ualimu. Ya Arapai ilikuwa chuo cha kilimo. Kyambogo, mwaka 2003, ilizaliwa kwa kuunganisha chuo cha ufundi, chuo cha ualimu na taasisi ya elimu maalumu. Vyuo vyetu vikuu vilikuwa na cheti, vikapata diploma, vikapata digrii. Chuo kilichopanda ngazi hiyo hakina sababu ya kumwonea haya mtoto anayeipanda.

Mimi nilipita huko. Biolojia yangu na ile O ya kemia zilinipeleka chuo cha ualimu, na huko mkufunzi wetu alituweka maabara kila Alhamisi mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Digrii niliipata miaka minne baada ya wenzangu. Siku niliyoipata, nilijua kemia kuliko ambavyo ningeijua kama ningeingia moja kwa moja.

Binti wa Bududa naye alichagua. Tulianza mwisho, tukahesabu kurudi nyuma, na prinsipali zake mbili zikatosha kuomba diploma ya utabibu. Baba yake aliuliza itachukua miaka mingapi mpaka udaktari. Nikamwambia ukweli: mitatu ya diploma, muda wa kufanya kazi, kisha mitano tena kama atapata nafasi. Alinyamaza kidogo.

"Mti mpya wa kahawa huzaa baada ya miaka mitatu," alisema. "Na katika hiyo mitatu mtu hupanda maharage katikati ya mistari, akala. Huyu naye akishakuwa tabibu, atakula kazi yake huku akisubiri."

Sikuwa na la kuongeza.

Jumamosi

Siku hizi naomba ufunguo wa maabara ya shule ninayofundisha kila Jumamosi. Wanakuja vijana wachache, kila mmoja na deni lake la kemia. Mmoja anarudia S.6, mwingine anajiandaa kwa chuo cha ufundi, mwingine ni mwuguzi wa cheti anayeitaka diploma. Hakuna cheti ninachoweza kuwapa kwa saa hizo. Nawapa bureti.

Wote hufanya kama nilivyofanya mimi. Wanafungua koki kwa nguvu, rangi inapita kiasi, wananitazama kwa woga. Hapo ndipo ninapowaonyesha jedwali la kuandikia matokeo, ambalo lina safu tatu. Kipimo cha kwanza ni cha kubahatisha. Huandikwa, kisha hakitiwi kwenye wastani. Wastani hutoka kwenye vipimo viwili vinavyofuata, vinapokaribiana.

"Kwa hiyo Mwalimu," aliniuliza yule mwuguzi, "hii niliyoharibu haihesabiwi?"

"Imekuonyesha pa kupunguza mwendo. Jaza bureti tena."

Akajaza. Safari hii alifungua koki taratibu, tone, kisha tone, akitikisa chupa kwa mkono wa kulia. Waridi hafifu likatokea, likaenea, na halikupotea.